Muswada Uliopita kwa Kikohozi

Hapo si zamani sana, na wala si mbali kiasi cha kuhitaji pasi ya kusafiria, ilikuwepo nchi moja. Nchi hiyo ilikuwa na jina zuri tu, ila jina lenyewe lilikuwa limepelekwa kwenye kamati likaboreshwe, na kamati ilikuwa haijarudi. Wananchi, kwa kukosa la kufanya, wakawa wanaiita "nchi yetu". Serikali ililitazama jambo hilo kwa jicho la pembeni, maana neno "yetu" lilikuwa halijafafanuliwa popote.

Nchi hiyo ilikuwa na Bunge, na Bunge lilikuwa na Kanuni, na katika Kanuni zote iliyoheshimiwa kuliko nyingine ilikuwa ya Sabini na Moja. Ilizaliwa kwa sababu nzuri. Miaka ya nyuma muswada uliweza kuingia ukumbini na kurasa kumi ukatoka na kumi na tatu, na hakuna aliyejua zile tatu zilizaliwa lini wala baba yao ni nani. Wabunge walipochoka kutiliana shaka juu ya karatasi, waliamua kuacha kuziamini karatasi kabisa. Kanuni ikasema hivi: kilichoandikwa kabla ya kikao ni rasimu tu, kilichotamkwa na Spika wakati wa kulihoji Bunge, kikasikika, kikaandikwa katika Taarifa Rasmi, hicho ndicho sheria.

Basi sheria za nchi nzima zikawa zinapita katika masikio ya watu wanne waliokaa chumba cha chini ya ukumbi, hedifoni kichwani, wakiandika kila neno kwa zamu za dakika tano tano. Mmoja wao alikuwa Bi Sikudhani Makwega.

Bi Sikudhani alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kiti kile. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mwenye masikio madogo ambayo wenzake waliyaogopa. Hajawahi kuongeza neno. Hajawahi kupunguza. Waziri akisema "takribani takribani", aliandika takribani mbili. Katika mabano aliruhusiwa kuweka mambo matatu tu: (Makofi), (Kicheko), na (Hapa Mheshimiwa alizungumza nje ya kipaza sauti), ambayo ilikuwa ni njia ya adabu ya kusema kwamba Mheshimiwa alitukana.

Jirani yake wa meza ya pili, Zuberi Mng'ong'o, alikuwa na utani mmoja ambao hakuuchoka. Kila Spika alipomaliza kuwahoji wabunge, alisema vilevile: "Nadhani waliosema ndiyo wameshinda." Hakuna aliyewahi kuhesabu, Spika alidhani, na ikawa. Hapo Zuberi alivua hedifoni na kumgeukia jirani yake.

"Wa juu anadhani, wa chini Sikudhani," alisema. "Ndiyo maana nchi haijaanguka, shemeji."

"Mimi si shemeji yako."

"Hilo nalo sikudhani."

*

Mwaka huo Serikali ilishikwa na huzuni ya ziwa.

Mheshimiwa Fidelis Mgaywa, Waziri wa Ardhi na Mandhari, alikuwa amehudhuria mkutano katika nchi jirani, akapigwa picha kandokando ya ziwa lao. Aliporudi nyumbani aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akaitazama nchi yetu, akaona pengo. "Mheshimiwa Spika," aliliambia Bunge, "nchi zote zinazoheshimika zina ziwa. Sisi viongozi wetu wakipigwa picha, nyuma yao kuna nini? Kuna vichaka. Tutakuwa taifa la vichaka mpaka lini?" (Makofi)

Wataalamu wakatumwa. Wakazunguka miezi sita, wakarudi na habari njema kwamba Bonde la Kisewe lina umbo kamili la ziwa, isipokuwa maji. Maji yangekuja katika awamu ya pili. Awamu ya kwanza ilihusu watu elfu nne ambao, bila kujua, walikuwa wakilima vitunguu katika sakafu ya ziwa la taifa.

Sasa, mahali palepale ambapo ramani ya wataalamu iliandikwa "kina: mita thelathini", ndipo ilipokuwa nyumba ya Mwanahawa Makwega, dada yake Sikudhani, mkubwa wake kwa miaka tisa. Mama yao alipofariki, Mwanahawa aliacha shule darasa la tano ili amlee mdogo wake, aje asome. Sikudhani alikuwa hajamwambia mtu yeyote kazini juu ya bonde hilo. Alijua jinsi watu wanavyoangalia masikio ya mtu mwenye ndugu.

Muswada ukachapwa. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenezwa. Mpaka leo watu wanabishana. Nusu ya nakala ziliandikwa: Muswada wa Sheria ya Kuhamasisha Wakazi wa Bonde la Kisewe. Nusu nyingine: Muswada wa Sheria ya Kuhamisha Wakazi wa Bonde la Kisewe. Mpiga chapa wa Serikali alipoulizwa alisema ni mashine. Mashine haikuulizwa. Wabunge waliowahi asubuhi walipata nakala za juu ya rundo, waliochelewa wakapata za chini, na kwa karibu siku mbili Bunge likajadili miswada miwili kwa pamoja bila kujua.

"Naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja," alisema mbunge mmoja wa mbele. "Hata jimboni kwangu naomba waje wawafanyie watu wangu hivihivi. Watu wangu wamelala mno."

"Taarifa, Mheshimiwa Spika," aliinuka mwingine wa nyuma. "Mwenzangu anaomba watu wake watolewe majumbani mwao, na anapigiwa makofi. Tumefikia hapa?"

"Anayeona hii ni kutolewa nyumbani," akajibu wa mbele, "hajawahi kufanyiwa. Mimi nilifanyiwa chuoni, nikapata nguvu mpya."

Huko chini, Sikudhani aliandika yote kama yalivyo.

Siku ya pili mchana, wabunge wawili waliokaa jirani waligongana viwiko, nakala zao zikaanguka, wakaokota kila mmoja ya mwenzake. Habari ikaenea ukumbi mzima. Mtu angedhani sasa watamuuliza Waziri. Hawakumuuliza. Waliulizana wao kwa wao: nani alikupa hiyo, alikupa saa ngapi, kwa nini wewe na si mimi. Walioshika "kuhamasisha" waliona wamefichwa siri. Walioshika "kuhamisha" waliona wametegwa. Mbunge mmoja aliyekuwa na nakala mbili, moja ya kila neno, alitolewa nje kwa tuhuma za kujua mno.

Mwishowe Mheshimiwa Salvina Kobelo, kiongozi wa Kambi ya Upinzani, mwanamke mwenye sauti iliyoweza kufanya kazi bila kipaza sauti, akauliza waziwazi: ni neno lipi?

Waziri Mgaywa akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Spika, Serikali hii ni sikivu. Neno hilo litaonekana katika utekelezaji."

Jioni Mwanahawa alimpigia mdogo wake simu. "Siku, kuna matingatinga mawili yameegeshwa hapa karibu na zahanati. Tumeuliza, tunaambiwa yamekuja kutuhamasisha."

*

Siku ya tatu, saa saba kasoro dakika sita, zamu ikawa ya Sikudhani.

Spika wa Bunge hilo, Mheshimiwa Kalembo Ndaruke, alikuwa mzee wa miaka sabini na mbili, mrefu, mwenye desturi ya kusoma kila kitu polepole kana kwamba anakitilia shaka. Akainuka. Ukumbi ukatulia. Kila upande ulisubiri neno.

"Waheshimiwa Wabunge, sasa nitawahoji. Kwamba Muswada wa Sheria ya Kuha..."

Akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kirefu, kizito, chenye kupanda na kushuka. Wabunge wa mstari wa mbele walirudisha vichwa nyuma. Wengine, kwa malezi mema, walisema "pole, Mheshimiwa". Kisha Spika akamaliza: "...sha Wakazi wa Bonde la Kisewe, sasa upitishwe. Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo," lilisema Bunge zima, maana kila mmoja alikuwa amesikia neno lake, na hata waliopinga walikuwa wamechoka na njaa imewakamata.

"Wasioafiki waseme siyo."

Kimya.

"Nadhani waliosema ndiyo wameshinda."

Kengele ikapigwa. Wakaenda kula. Sikudhani akabaki na mkanda wa dakika tano na sentensi moja yenye shimo katikati.

Alirudisha mkanda nyuma, akasikiliza. Akarudisha tena. Zuberi akavuta kiti, akavaa hedifoni, akasikiliza akiwa amefumba macho.

"Nasikia kuhamisha," alisema.

"Sikiliza tena."

Akasikiliza. "Sasa nasikia kuhamasisha."

"Tena."

Mara ya tatu Zuberi alivua hedifoni na kuiweka mezani taratibu. "Bi Siku, humu ndani hamna neno. Hamna kitu. Ni kifua cha mzee tu." Akamwangalia kwa wasiwasi. "Na kesho saa tatu lazima likasomwe ukumbini."

*

Katika miaka ishirini na miwili hakuna waziri aliyewahi kushuka ngazi zile. Waziri Mgaywa aliposhuka, kwanza aliingia stoo ya karatasi, akaisalimia, ndipo akaelekezwa mlango wa pili.

"Dada Sikudhani. Habari za kazi?"

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nzuri."

"Marahaba. Nimesikia kuna neno linakusumbua."

"Halinisumbui, Mheshimiwa. Halipo tu."

"Lipo. Ni kuhamisha. Mimi ndiye mwenye muswada."

"Ukumbini ulisema litaonekana katika utekelezaji."

"Sawa," alisema Waziri kwa upole, "na utekelezaji ndio mimi hapa." Akapapasa mgongo wa kiti cha Zuberi, ambaye alikuwa ameamua ghafla kwenda kunywa maji. "Nimeambiwa pia una dada kule bondeni. Hongera, ni watu wazuri. Ila ukiandika vingine, watu watasema masikio yako yana upande. Mimi sitasema. Watu ndio watasema."

Akaondoka, safari hii bila kupitia stoo.

Haikupita nusu saa akaingia Mheshimiwa Kobelo. Sikudhani alivuta pumzi. Mama huyu kwa siku tatu alikuwa ameupinga muswada mpaka sauti imekwaruza. Huyu, alijisemea, ataniambia niandike kilichosikika.

"Mdogo wangu," alisema Kobelo, "andika kuhamisha."

Sikudhani alidhani masikio yamemwisha. "Mheshimiwa, si ulikuwa unaipinga hoja hii?"

"Naipinga kwa nguvu zangu zote. Sasa nitaipingaje kama haipo? Jumamosi nina maandamano makubwa. Fulana elfu tatu zimeshachapwa, 'Hatuhami'. Ukiandika kuhamasisha, nitaandamana nikisema nini? Hatuhamasiki?"

"Na watu wa Kisewe, Mheshimiwa?"

"Tutawasemea."

"Wakiwa wapi?"

Mheshimiwa Kobelo alisema hilo litaangaliwa katika ilani.

Alasiri hiyo likatokea jambo ambalo wazee wa Bunge walisema hawajawahi kuliona. Serikali na Upinzani, ambao hata kitabu cha mahudhurio walikuwa wakisaini katika kurasa tofauti ili wasigusane, walishuka ngazi kwa pamoja wakiwa na karatasi moja. Iliandikwa: "Sisi tuliotia saini hapa chini tulisikia 'kuhamisha'." Zilikuwa saini mia mbili na sita. Sikudhani alizipitia. Aliona saini za watu watatu ambao siku hiyo walikuwa nje ya nchi, na ya mmoja aliyefariki mwezi wa pili, ambaye alisikia vizuri kuliko wote, kwani aliongeza "kabisa".

Akaikunja karatasi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alihofia kalamu yake. Maana kama mia mbili na sita wameweza kusikia neno lisilokuwepo, na yeye anaweza kulisikia la kwake. Silabi mbili tu. Ma na si. Nani angejua?

*

Simu ililia kabla hajafika mtaani kwake.

"Siku. Redio inasema Bunge linamngoja mwandishi mmoja. Ni wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Basi nimefurahi." Nyuma ya sauti ya Mwanahawa walisikika kuku na mtu akipiga nyundo. "Andika kuhamasisha, tumalize."

Sikudhani alisimama kando ya barabara, mbele ya kibanda cha muuza vocha. "Dada, hakusema kuhamasisha."

"Alisema kuhamisha?"

"Hakusema hilo pia. Alikohoa."

"Sasa wao wanaweza kudanganya wakiwa wamesimama, wewe huwezi kudanganya hata ukiwa umekaa? Kwa ajili yangu?"

Muuza vocha alikuwa ameacha kuhesabu vocha zake, anasikiliza. "Unakumbuka," alisema Sikudhani, "yale magazeti tuliyokuwa tukifungia vitunguu? Ulikuwa unanisomesha kwa sauti. Nikiruka neno gumu nikaweka langu, unanipiga kikofi. Unaniambia, nisomee kilichoandikwa, usinisomee unachotaka."

Nyundo ya nyuma ilikoma.

"Nilikuwa napiga kwa nguvu mno," alisema Mwanahawa. "Nenda kalale, mdogo wangu. Ukilia usiandike."

*

Asubuhi, saa mbili na nusu, Spika alimwita ofisini. Alikuwa peke yake nyuma ya meza kubwa isiyokuwa na karatasi hata moja, kama inavyompasa mtu aliyeishi na Kanuni ya Sabini na Moja.

"Nasikia umenisikiliza mara arobaini."

"Hamsini na tatu, Mheshimiwa."

"Mke wangu hajafika huko. Ulisikia nini?"

"Kikohozi."

"Cha namna gani?"

Sikudhani alisita. "Mtu akipaliwa, Mheshimiwa, huvuta pumzi kwa kushtuka. Wewe ulivuta polepole, kabla ya 'ha', kama mtu anayejiandaa kuimba."

Mzee Ndaruke aligeukia dirisha. Juu ya meza palikuwa na kopo la pipi za kifua, jipya, hata karatasi yake ya juu haijachanwa.

"Unanishuku," alisema.

"Nakusikiliza tu."

"Ni kitu kimoja katika jengo hili." Akalisogeza kopo pembeni. "Waziri alinitumia kikaratasi kabla sijasimama, kina neno moja. Nakala yangu ilikuwa na lingine. Wote wananiuliza nilikusudia lipi. Lakini Kanuni haisemi nilichokusudia, Bi Sikudhani. Inasema kilichosikika. Mimi siwezi kukusaidia, na nakuomba nawe usijaribu kunisaidia. Kikohozi hakina chama."

"Je, ulikuwa unaumwa, Mheshimiwa?"

Spika alimtazama kwa macho ya mtu aliyeulizwa umri wake. "Andika," alisema. "Saa tatu inakaribia."

Alishuka. Wenzake watatu walikuwa wameacha kazi, wanajifanya kunoa penseli. Alikaa. Alimfikiria Mwanahawa amesimama mlangoni, anaangalia matingatinga. Kisha akaweka vidole mahali pake na kuandika mabano ya nne katika historia ya Bunge lile:

"Muswada wa Sheria ya Kuha (Kikohozi) sha Wakazi wa Bonde la Kisewe."

Akatia saini.

*

Katibu wa Bunge aliposoma Taarifa Rasmi saa tatu, alisoma vizuri hadi hapo, akakwama.

"Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo. Nisome 'kikohozi', au nikohoe?"

"Soma kilichopo."

Katibu alifikiri, akaona ni salama zaidi kukohoa. Alikohoa kwa heshima zote. Kambi zote mbili ziliinuka kwa pamoja zikipunga karatasi ya saini. Spika akaamuru mkanda upigwe ukumbini, kila mtu asikie. Ukapigwa. Kikohozi kilijaa ukumbi, kikapanda, kikashuka, na mbunge mmoja kwa mazoea tu akaanza kupiga makofi. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusimama na kusema kuna neno mle ndani.

Hivyo ikawa sheria. Bunge, ambalo halikuwahi kushindwa na jambo, likaunda Kamati Teule ya Kulitafuta Neno, yenye wajumbe kumi na tisa, na kazi ya kuyachunguza maneno yote ya lugha yanayoanza na "kuha" na kuishia na "sha". Yakapatikana tisa: kuhabarisha, kuhakikisha, kuhalalisha, kuhamasisha, kuhamisha, kuhangaisha, kuharakisha, kuharamisha na kuharisha. Kwa haki, kila neno lingesikilizwa kwa mpangilio wa alfabeti. Wizara ya Afya iliomba kujiandaa mapema kwa ajili ya la tisa. Mbunge mmoja mkweli alisema wasijisumbue, kwani kwa uzoefu wake sheria nyingi za nchi yetu zinatumia neno la sita. Akaamriwa afute kauli. Akafuta.

Sikudhani naye hakusahauliwa. Ijumaa alipelekewa barua yenye mhuri. Ofisi ya Utumishi, ambayo sasa iliogopa neno lile kama moto, ilikuwa imeandika: "Kuanzia Jumatatu, una(kikohozi)shwa kwenda Idara ya Makabrasha ya Zamani." Aliisoma mara tatu. Akampelekea Katibu, akamuuliza kwa adabu kama anahamishwa au anahamasishwa. Katibu aliangalia mlango, akaangalia dari, akakohoa.

"Sasa utafanya nini?" aliuliza Zuberi.

"Nitangoja Kamati," alisema Sikudhani, akavaa hedifoni.

*

Sheria ile, kama zote, haikuweza kutekelezwa kabla ya kusomwa mbele ya wahusika. Wiki iliyofuata afisa mmoja aliyeitwa Kasanzu, mtu wa watu, mwenye kipaza sauti cha mkononi na askari wawili, alifika Kisewe. Watu walikusanyika mbele ya zahanati. Madereva wa matingatinga walipanda vitini mwao, mikono kwenye ufunguo.

Yaliyotokea Mwanahawa aliyasimulia kwa simu.

"Akasoma vizuri, sheria ya kuha, halafu akakohoa. Tukamwambia pole. Akasema siumwi, ndivyo ilivyoandikwa. Akarudia. Akakohoa tena. Tukasema jamani, pole. Mara ya tatu akapaliwa kweli, machozi yanamtoka, kipaza sauti kinapiga mayowe. Nikamletea chai ya tangawizi. Akakaa. Dereva akamuuliza, mzee, niwashe au nisiwashe? Akasema mimi nimesoma, karatasi haisemi uwashe. Dereva akashuka. Saa hii wanakula hapa kwangu."

"Na matingatinga?"

"Yapo. Bapa la chuma la mbele la mojawapo nimelianikia vitunguu vya mbegu, linashika jua vizuri. Dereva amekubali, ila amesema nisiliandike jina lake popote."

Sikudhani alicheka, na kucheka kwenyewe kukamshangaza, kwani alikuwa hajacheka tangu wiki ya muswada. Lakini alijua, na dada yake alijua, kwamba kikohozi si ukuta.

"Siku," alisema Mwanahawa, sauti imeshuka. "Niambie mimi dada yako. Neno lenyewe hasa ni lipi?"

"Sijui, dada. Wapo kwenye la tatu. Wiki hii wanaita mashahidi."

"Na la kutuhamisha ni la ngapi?"

"La tano."

Mwanahawa alihesabu kimoyomoyo; Sikudhani alisikia midomo yake. "Vyangu vya shambani vinataka miezi mitatu na wiki mbili. Basi waambie wasikimbie. Kila neno walisikilize mpaka mwisho, waite watu, waende ziara, wakohoe."

"Mimi siwezi kuwaambia kitu, dada. Mimi nitaandika watakachosema."

"Najua," alisema Mwanahawa. "Wakilifikia la tano, utaliandika hilohilo. Ndiyo maana jana tumekaa hapa, tumechagua watu kumi na wawili waje huko kutoa ushahidi, na mimi ni wa kwanza. Nitasema polepole, mdogo wangu. Usiniruke hata neno moja."